Kodi iliyolipwa kwa wakati iandikwe wapi? Jibu kwa msimamizi wa nyumba wa Mtwara

Swali, kwa ufupi: Mama mmoja wa Magomeni, Mtwara mjini, anasimamia vyumba 14 vya familia na fremu mbili za biashara. Kijana wake yuko California, anasimamia jengo la nyumba 24, na amemweleza kuwa huko sasa kuna sheria ya kupeleka taarifa za malipo ya kodi ya nyumba kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo. Mama anauliza: na yeye anaweza kupeleka majina ya wapangaji watatu wanaomzungusha? Aanzie ofisi gani? Na kijana achunge nini huko aliko?

Jibu:

Shikamoo mama. Kuna jambo moja la kulinyoosha kabla ya mengine yote: sheria aliyokueleza kijana haimsaki mdaiwa, inambeba mlipaji. Ilipitishwa mwaka 2024 kwa jina la AB 2747, ikaanza kubana tarehe 1 Aprili 2025, na inahusu malipo yaliyokamilika na yaliyofika kwa wakati, basi. Aliyelipa nusu, au aliyelipa wiki mbili baada ya tarehe, hapelekwi popote kwa sheria hiyo. Mwezi wake unabaki kimya tu. Ukitaka kuitumia kuwachapa wale watatu, utakuwa umeshika jembe ukidhani ni panga.

Ilitokana na nini? Marekani mtu hakopi gari wala nyumba mpaka mkopeshaji aangalie historia yake ya kulipa. Anayelipia mkopo wa nyumba, kila rejesho lake linaandikwa. Mpangaji wa mlango wa pili anaweza kulipa kodi kubwa kuliko rejesho hilo kwa miaka kumi bila kukosa hata mwezi mmoja, na kumbukumbu zisioneshe kitu. Sheria imekuja kuziba pengo hilo. Na hata hivyo haikumlazimisha mwenye nyumba kupeleka taarifa za kila mtu. Imemlazimisha kumpa mpangaji nafasi ya kuchagua, kwa maandishi. Asiyetaka haguswi.

Kwa kijana wako, hesabu ya kwanza ni ya idadi. Jengo la nyumba 15 au pungufu limesamehewa, isipokuwa mwenye nalo ana zaidi ya jengo moja la kupangisha na wakati huohuo ni kampuni, au mfuko wa uwekezaji wa majengo, au ubia wa LLC (ubia ambao wanachama hawadaiwi zaidi ya walichoweka) ambao angalau mwanachama wake mmoja ni kampuni. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja. Moja peke yake halitoshi. Jengo lake lina nyumba 24, kwa hiyo hapo hakuna mjadala, limo.

Mikataba iliyokuwapo kabla ya sheria ilitakiwa kupelekewa tangazo la nafasi hiyo si zaidi ya tarehe 1 Aprili 2025, kisha angalau mara moja kila mwaka. Mkataba mpya unapelekewa siku ya kusainiwa, kisha kila mwaka vivyo hivyo. Hiyo ya kila mwaka ndiyo inayowakamata wasimamizi wengi, maana ya kwanza hufanyika kwa vishindo na ya pili ikasahaulika. Aiweke kwenye kalenda pamoja na ukaguzi wa vizima moto. Tangazo liseme kuwa ni hiari, taarifa zitapelekwa kampuni ipi (kubwa za nchi nzima ni Equifax, Experian na TransUnion, na angalau moja lazima iwemo), ada ni kiasi gani, namna ya kujiunga na namna ya kujitoa. Likienda kwa posta, ndani yake kuwe na bahasha yenye anwani na stempu ya kurudishia.

Ada ina mipaka. Mwenye nyumba anaruhusiwa kutoza gharama halisi anayoingia au dola 10 kwa mwezi, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Akilipia huduma hiyo dola 4, anatoza 4, na asipoingia gharama hatozi kitu. Mpangaji asipolipa ada hiyo, haondolewi kwenye nyumba kwa sababu hiyo, hatozwi faini ya ucheleweshaji, wala haikatwi kwenye amana yake. Ikipita siku 30 haijalipwa, mwenye nyumba anaweza kuacha kupeleka taarifa zake, na mpangaji hawezi kurudi mpaka miezi 6 ipite. Ndivyo pia kwa anayejitoa kwa hiari: anatoka siku yoyote anayotaka, ila kurudi ni baada ya miezi 6.

Kuna mtego mmoja wa kumtahadharisha. Kama jengo lake ni la nyumba zenye ruzuku ya serikali, lilikuwa chini ya sheria ya zamani kidogo, SB 1157, iliyoanza tarehe 1 Julai 2021 na kufika ukomo wake mwaka 2025. Hiyo ilisema wazi kwamba mpangaji akikubali, malipo yake yote yataripotiwa, ya wakati, ya kuchelewa na yaliyokosekana. Sheria mbili, jimbo moja, maana mbili tofauti. Akichukua fomu ya hiyo ya zamani akaitumia kwa AB 2747, atakuwa amewaahidi watu kitu kisichokuwapo.

Baada ya hapo inaingia sheria ya nchi nzima, ile ya Fair Credit Reporting Act, inayosimamia usahihi wa kumbukumbu za mikopo. Anayepeleka taarifa anawajibika ziwe sahihi, na mpangaji akipinga mstari fulani, uchunguzi kwa kawaida unatakiwa umalizike ndani ya siku 30. Wasimamizi wengi hawapeleki wenyewe moja kwa moja, hupitia kampuni ya kati yenye mfumo tayari. Sawa, lakini mkataba wa usimamizi useme nani anatuma tangazo, nani anatunza fomu zilizosainiwa, nani anajibu pingamizi. Jengo likiuzwa, orodha ya waliojiunga ikabidhiwe pamoja na funguo. Na asiwaahidi wapangaji miujiza: fomula mpya za kumpa mtu alama ya kukopesheka, kama FICO 9 na VantageScore 3.0, zinahesabu kodi ya nyumba, ila wapo wakopeshaji ambao bado wanatumia fomula za zamani zisizoiona.

Sasa turudi Magomeni.

Tanzania haina sheria ya namna hiyo. Kumbukumbu za mikopo zipo, zinasimamiwa na Benki Kuu kwa kanuni za mwaka 2012, na kampuni mbili zilipewa leseni ya kazi hiyo: Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Wanaobanwa kupeleka taarifa ni mabenki na taasisi za fedha. Mwenye vyumba 14 halazimiki, na kodi ya chumba si mkopo kwa maana ya kanuni hizo.

Hapo pana jambo ambalo watu hulipita haraka. California kodi hulipwa mwezi kwa mwezi. Kwetu mpangaji anaingia na kodi ya miezi 3, 6, au mwaka mzima mkononi. Mtu aliyekupa laki sita leo kwa miezi 6 ya chumba cha laki, kesho asubuhi nani anamdai mwenzake? Yeye ndiye anayekudai karibu miezi 6 ya kukaa. Kwa hiyo kumbukumbu ya mlipa mbele haioneshi kwamba anarejesha deni vizuri. Inaonesha kwamba anaweza kukusanya fungu kubwa na kulileta siku aliyosema. Kwa SACCOS au benki inayomfikiria mkopo, hiyo ni habari nzuri, ila lazima iandikwe ilivyo. Ukiivunja vipande sita na kuandika "alilipa kila mwezi kwa wakati" utakuwa umetunga.

Na majina ya wale watatu? Usiyapeleke popote. Usiyabandike kwenye grupu la WhatsApp la wenye nyumba wa mtaa, usimpe dalali picha za vitambulisho vyao "ili awatahadharishe wenzake". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka utumie taarifa ya mtu kwa kazi ile uliyoichukulia tu. Kitambulisho cha NIDA ulikipokea kwa ajili ya mkataba, hukukipokea kwa ajili ya kumtangaza. Mtu binafsi anayetoa taarifa za mwenzake kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Deni la laki mbili halistahili hatari hiyo.

Mdaiwa ana njia yake nyingine: notisi ya maandishi yenye kiasi, miezi inayodaiwa na siku ya mwisho, nakala ibaki kwako ikiwa na saini yake au ya mjumbe aliyeshuhudia akipewa. Ikishindikana, Baraza la Kata lina siku 30 za kusuluhisha. Zikipita bila muafaka unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kufuli jipya mlangoni na kung'oa bati ni kesi yako wewe, si yake.

Kinachofaa kuiga kutoka California ni hiki: mpangaji mzuri aondoke kwako akiwa na karatasi inayosema ukweli, na aombe mwenyewe. Mwanachuo wa Stella Maris aliyemaliza na kupata kazi Lindi, fundi anayehamia karibu na kiwanda cha Dangote kule Msijute, mama ntilie anayetaka mkopo wa friji: wote hao wanaulizwa "ulikuwa unalipaje?" na hawana cha kuonesha zaidi ya maneno. Karatasi hiyo inasimama juu ya daftari, na madaftari mengi ya kodi yangeanguka siku ya kwanza ya pingamizi. Hapo ndipo pa kutumia muda wako.

Nunua kaunta buku ya kwaya tatu, kila chumba kurasa zake. Mstari mmoja uwe na tarehe ya malipo, kiasi, miezi inayolipiwa kuanzia tarehe gani hadi gani, njia ya malipo, namba ya muamala au ya risiti, na saini. Mfano: "3/11, 300,000, chumba 4, 1/11 hadi 31/1, M-Pesa, namba ya muamala, risiti 0218." Mstari wenye "Hamisi kalipa laki tatu" haufai kitu, maana Hamisi kwa Mtwara ni nusu ya mtaa. Hata majina matatu hayatoshi kumtofautisha mtu. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ndiyo inayotosha. Huko Marekani nako mstari wa mtu kuangukia kwa mwenye jina kama lake ni malalamiko ya kila siku. Ila ukishakusanya namba hizo wewe ni mkusanyaji wa taarifa binafsi: daftari likae kabatini kwenye ufunguo, wala si kaunta ya duka, na uulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili, maana sheria inaudai.

Tarehe ndiyo inayoharibika zaidi. Mpangaji katuma kwa simu tarehe 5, wewe umetoa kwa wakala tarehe 9, ukaandika 9. Kachelewa? Hapana. Tarehe ya malipo ni ya muamala. Kampa dalali tarehe 1, dalali kakaa nazo wiki. Kachelewa? Kama dalali ndiye uliyemruhusu kupokea, mpangaji kalipa tarehe 1, na ugomvi ni wako na dalali. Na pesa ikiingia kwa jina la shemeji yake, andika "imetumwa na fulani kwa ajili ya chumba 4", la sivyo baada ya mwaka hutaikumbuka.

Halafu kuna malipo ya nusu. Tuseme chumba ni elfu 60 kwa mwezi, Novemba kaleta 40,000. Desemba kaleta 60,000 kamili tarehe mosi. Ukianza kuzilipia za nyuma, elfu 20 inaziba Novemba, na Desemba inabaki na pengo la elfu 20. Januari vilevile, Februari vilevile. Mtu aliyeteleza mara moja anaonekana mchelewaji mwaka mzima. Deni linatembea, na daftari linasema uongo kwa hesabu sahihi. Dawa yake ni kulitenga: ukurasa wa nyuma andikeni "pengo la Novemba 20,000, litalipwa kabla ya tarehe fulani", nyote mtie saini, kisha Desemba ihesabiwe kamili kwa Desemba. Watengenezaji wa programu za kodi huko kwa kijana wanakutana na shida hiyohiyo; amuulize anayemhudumia malipo yanagawanywaje kabla hajaanza kutuma.

Si kila pengo ni deni. Kodi ya jengo, ile ya serikali, kwa sheria ni ya mwenye jengo, lakini inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita ikiwa kwa mpangaji, yeye ndiye anayeilipa kila anaponunua umeme. Akikupunguzia 9,000 kwenye pango la miezi 6, hajalipa pungufu, amekurudishia mzigo wako. Kwenye fremu, kampuni iliyopanga inatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA: fremu ya 200,000 inakufikia 180,000 pamoja na cheti cha zuio. Andika 200,000, kisha chini yake "zuio 20,000, cheti namba fulani." Asipokuletea cheti, mdai cheti, usimwite mdaiwa wa pango. Vivyo hivyo bati lililotengenezwa kwa makubaliano yenu: risiti ya fundi ibandikwe kwenye ukurasa huo.

Na msimu je? Mtwara na Lindi pesa ina majira. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanapita AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na kufika kwenye akaunti za wakulima wiki kadhaa baadaye, na nyuma yao wanafuata wabeba mizigo wa maghalani, makarani, wenye bodaboda na wauza nguo. Kama mkataba unasema tarehe 1 Oktoba na kila mwaka unapokea katikati ya Desemba bila neno, basi karatasi na desturi zimeachana. Huwezi kumwandika mtu "alichelewa miezi miwili" kwa jambo ambalo wewe mwenyewe umelizoea miaka mitano. Badilisheni mkataba: kipindi kianze 15 Desemba, au alipe robo Oktoba na iliyobaki Desemba. Ndipo neno "kwa wakati" litakuwa na maana ya kusimamia.

Ukishakuwa na daftari la namna hiyo kwa miezi 12 hivi, fomu ya ridhaa haizidi nusu ukurasa. Iseme taarifa zipi zitatolewa (kiasi cha kodi, vipindi vilivyolipwa, tarehe), kwa nani (benki fulani, SACCOS fulani, mwenye nyumba mpya), kwa muda gani, na kwamba anaweza kuifuta kwa barua siku yoyote. Usiitie ndani ya mkataba wa pango kama kipengele cha kumi na saba. Mtu anayetafuta chumba wakati wanafunzi wanapoingia atasaini chochote. Mpe akishahamia, akae nayo, arudishe akipenda. Asiporudisha, usimwulize mara ya pili mpaka mwakani.

Barua yenyewe iwe kavu: jina na NIDA, chumba, tarehe ya kuingia, kodi, jedwali la malipo kama yalivyo daftarini, saini yako na namba ya simu ya kuthibitisha. Usiandike "ni mtu mwema" wala "hana makuu". Afisa mikopo hana pa kuyapima hayo. Mwonyeshe mpangaji kabla haijatoka. Akisema mstari wa Machi si kweli, fungueni daftari na simu yake mlinganishe miamala. Ukikuta umekosea, sahihisha kwa mstari mmoja juu ya kosa, saini na tarehe, bila kufuta kwa wino mweupe. Usitoze kitu. California wamekubali dola 10 kwa sababu kuna kampuni ya kati ya kulipwa; wewe hapo una karatasi na wino.

Usisahau kuwa daftari hili linakuonesha na wewe. Barua tano mikononi mwa benki zinasema mapato yako ya kodi ni kiasi gani, na ritani uliyopeleka TRA nayo inasema. Namba hizo mbili zifanane kabla barua ya kwanza haijatoka mlangoni.